Elimu ya Sikio si Elimu ya Kasuku

Mtaani kwetu hapa Mji wa Kale, Mombasa, uko uvumi kwamba mimi, mtu mzima mwenye wajukuu, nimeingiwa na jambo. Kila baada ya sala ya isha, watu wakisha kula, husikika kutoka darini kwangu mlio mwembamba kama wa ndege aliyepotewa na kiota: di-daa, daa-di-di, di-di. Juzi kijana mmoja wa jirani, mwenye adabu zake, alinikuta barazani akaniuliza: "Baba, niwie radhi, hiyo tikitiki ya kila usiku ni ya nini? Na simu si unayo mfukoni?"

Nilicheka, nikamjibu kwa mzaha kwamba ni dawa ya usingizi. Lakini swali lake halikuniondoka, nami naona ni vyema nilijibu hapa ukurasani, kwa kuwa jawabu lake si la tikitiki peke yake. Ni jawabu la deni ninalodaiwa na mtu aliyekwisha kutangulia mbele ya haki.

Deni lenyewe ni hili. Mwaka 1998, nikiwa kijana mwenye kalamu kali kuliko akili, niliandika makala nikivilaumu vyuo vyetu vya Kurani. Nilisema kwamba mtoto huketishwa mkekani miaka mitatu au minne akiimba asichokijua, na kwamba mwenye kufundishwa hivyo hatoki msomi, hutoka kasuku. Neno hilo "kasuku" lilinipendeza mno, nikalirudia mara nyingi. Mwalimu wangu wa chuoni, aliyenishika mkono tangu alifu mpaka nikahitimu, aliisoma makala ile. Ijumaa iliyofuata tulikutana mlangoni pa msikiti. Akanipa mkono, akaniuliza hali ya mama na watoto, akenda zake. Makala hakuitaja. Mwaka 2005 alifariki, nami nilikuwa miongoni mwa waliolichukua jeneza lake, na lile neno langu likiwa bado baina yetu.

Sasa mtaniuliza: haya na tikitiki yanahusiana wapi? Nawaombeni subira kidogo.

Mlio ule unaitwa Morse, kwa jina la Samuel Morse, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1791. Huyu kwa kazi yake alikuwa mchoraji wa picha. Mwaka 1825 alikuwa Washington akichora picha ya mtu mashuhuri, mkewe akafariki nyumbani kwao New Haven. Barua ya msiba ilikwenda kwa mwendo wa farasi, na alipofika nyumbani alikuta mkewe keshazikwa. Wengi wameuhusisha msiba huo na hamu yake ya kutafuta njia ya habari kwenda upesi kuliko farasi. Tarehe 24 Mei 1844 salamu yake ilipita kwenye waya kutoka Washington hadi Baltimore, na ulimwengu haukurudi tena ulivyokuwa.

Alfabeti yake ni ya milio miwili tu, mfupi na mrefu. Mfupi tuuite di, mrefu tuuite daa. Daa moja ni sawa na di tatu kwa urefu. Baina ya milio ya herufi moja pana kimya cha kadiri ya di moja; baina ya herufi na herufi, kimya cha di tatu; baina ya neno na neno, kimya cha di saba. Basi, hiyo ndiyo sheria yote. Inasimuliwa kwamba msaidizi wake, Alfred Vail, alikwenda kwenye matbaa ya gazeti akahesabu herufi za risasi zilizokuwamo sandukuni, ili ajue zipi hutumika zaidi katika Kiingereza, nazo akazipa milio mifupi. Ndiyo maana E ni di moja tu, na T ni daa moja.

Sisi Waswahili hatukuwamo katika hesabu hiyo. Kwetu herufi inayotawala ni A, nayo huchukua di-daa, yaani vipimo vitano. Siku moja nilikaa nikapima: Mwingereza akitaka chai yake, neno lake "tea" linampitia kwa vipimo 15. Mimi nikiandika "chai" nahitaji 35. Amekwisha kunywa, mimi bado napiga! Lakini alfabeti ya kuazima si jambo geni kwetu. Tuliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu karne nyingi, na tungo zetu hazikupungukiwa na utamu.

Wala Morse si mgeni wa jana pwani hii. Waya wa chini ya bahari ulifika Unguja kutoka Aden mwaka 1879, na mwaka 1890 ukaunganisha Mombasa na Unguja. Wazee wetu waliposema "nimepigiwa simu", walikusudia kile kikaratasi cha telegramu, si sauti ya mtu. Na wako wana wa pwani walioifanya Morse kazi yao ya kuwapatia mkate. Mmoja wao ni ami yangu, ndugu wa baba, ambaye sasa amepita miaka themanini, Mola amzidishie umri na afya. Zaidi ya miaka ishirini alikuwa mtu wa redio melini, akipokea habari za tufani na salamu za mabaharia katika bahari ambazo mimi nazijua kwa ramani tu.

Hakuna mtoto wake hata mmoja aliyejifunza kazi ile. Na kwa nini ajifunze? Jeshi la Majini la Ufaransa lilituma salamu yake ya mwisho ya Morse tarehe 31 Januari 1997, likiwaita wote na kuwaarifu kwamba baada ya hapo ni kimya. Mwaka 1999, mwezi wa Februari, meli za dunia nzima zikahamia kwenye mitambo ya setilaiti na mingineyo. Ami alikwisha kushuka nchi kavu zamani, lakini nakumbuka siku alipoisikia habari hiyo. Alikaa barazani tangu alasiri mpaka magharibi bila kutaka kahawa.

Miaka minne nyuma nilimwendea, nikampa mkono, nikamwambia: "Ami, nataka unifunze Morse." Akanitazama kama mtu aliyeombwa kufundisha kuendesha punda. Akauliza: "Ya kazi gani, mwanangu?" Nikamweleza kwamba wapo watu duniani wenye redio zao majumbani, wanaozungumza nchi kwa nchi kwa mapenzi tu bila kulipwa. Ni redio ya ridhaa, kama tusemavyo ndondi za ridhaa. Hapa Kenya mtu huomba leseni kwa mamlaka, akapewa alama yake inayoanza na 5Z4. Serikali za dunia zilikubaliana mwaka 2003 kwamba mtihani wa Morse si lazima tena kwa watu hawa, lakini ajabu ni kwamba wengi bado wanaipenda. Marehemu Sultani Qaboos wa Oman alikuwa katika jamaa hii kwa alama ya A41AA, na marehemu Mfalme Hussein wa Jordan kwa alama ya JY1. Ami akatikisa kichwa, akasema: "Kajifunze herufi kwanza, kisha uje."

Nilikwenda nikafanya kama msomi. Nikachapisha jedwali la herufi zote, nukta na vistari, nikalibandika ukutani mbele ya meza yangu. Kwa miezi minne nikalihifadhi. Ukiniamsha usiku wa manane ukaniuliza Q ni nini, nakwambia: vistari viwili, nukta, kistari. Nikajiona nimeiva. Nikafungua redio kwenye masafa mafupi, nikavaa hedifoni, nikashika kalamu.

Wasomaji, sikuandika hata neno moja. Milio ilinipita kama mvua juu ya bati. Nilikuwa nikisikia herufi, nikihesabu milio yake, nikilitafuta jedwali kichwani, nikiipata herufi, na wakati huo tatu nyingine zimekwisha kwenda. Nilijaribu wiki nzima. Aibu ilinishika, kwa kuwa mimi ni mtu niishiye kwa maneno, na hapa maneno yalikuwa yakipita masikioni mwangu nami sina hata la kuambulia.

Nikarudi kwa ami nimeinamisha kichwa. Nilipomtajia jedwali, akacheka mpaka akakohoa. "Umejifunza kwa macho kitu kisicho na sura," akasema. "Nenda kalibandue." Kisha akaanza kunipigia mluzi: daa-di-daa. "Hii ni K. Usihesabu. Usiniambie ina nini ndani. Sema K." Akapiga tena, upesi upesi, kwa mwendo wa kazi, si mwendo wa kumbembeleza mtoto. Kisha daa-daa, M. Kisha akazichanganya: K, M, M, K, K, M. Ilipoingia magharibi, mke wa ami akatoka ndani akipiga kelele kwamba nyumbani mwake hapapigwi mluzi usiku, nyoka wataingia. Basi tukaendelea kwa mdomo, tukinong'ona kama watoto wanaoficha mchezo.

Siku ya pili akaniongezea herufi ya tatu, baada ya kuona zile mbili hazinitatizi. Baadaye sana nilisoma kwamba mtaalamu mmoja wa Kijerumani, Ludwig Koch, aliichunguza njia hii katika miaka ya 1930: anza na herufi mbili tu, kwa mwendo kamili, na usiongeze ya tatu mpaka uzipate mbili hizo mara tisa katika kumi. Ami hajapata kumsikia Koch. Alifundishwa hivyo, naye akafundisha hivyo.

Ilikuwa kama wiki ya tatu, tumeketi mkekani, ami akisema nami nikimfuatisha, ndipo nilipohisi kwamba mahali hapa nimewahi kufika. Goti kwa goti na mwalimu. Mdomo wake, sikio langu. Anasema, nasema. Nikikosea hanielezi kanuni, anarudia tu, mpaka ulimi wangu ukae sawa. Bee fataha ba, bee kasira bi, bee dhuma bu. Nilikuwa chuoni!

Hebu nanyi mfikirie. Katika Kurani tulifundishwa kwamba pana mvuto wa harakati mbili, na wa nne, na wa sita. Nani kati yetu aliyepimiwa kwa saa? Mwalimu alivuta, nasi tukavuta, na mwenye kukatisha kabla ya wakati alijulikana hapo hapo. Tulifundishwa pa kusimama na pasipo pa kusimama, maana kimya kikiwekwa pasipo pake huharibu kauli. Morse ni vivyo hivyo. A ni di-daa. Ukiachia kimya kirefu kidogo tu katikati, si A tena; umeandika E na T. Kosa halikuwa katika mlio. Kosa lilikuwa katika kimya. Jedwali la ukutani haliwezi kukuonyesha hilo, kwa kuwa karatasi haina wakati ndani yake.

Basi niseme wazi, nami nalisema kwa aliyekufa na walio hai: nilikosea mwaka 1998. Nilidhani kufundishwa kwa sikio ni kukosa njia iliyo bora. Sikujua kwamba ipo elimu ambayo haina mlango mwingine. Mwalimu wangu hakuwa akifuga kasuku. Alikuwa akijenga sikio, na sikio lile lile ndilo lililonifanya baadaye niisikie mizani ya shairi bila kuhesabu vidole, na ndilo lililoniokoa uzeeni mbele ya redio.

Lakini nisije nikatoka kosa moja nikaingia jingine. Lipo jambo la pili, nalo pia nalipata kwa ami.

Baada ya mwaka hivi nilikuwa nimeimarika. Leseni nilikuwa nayo, na usiku wa kwanza nilioita, tena kwa mkono wa kutetemeka, alinijibu mtu wa kusini mwa India, ng'ambo ya bahari hii hii iliyowaleta babu zetu. Alipiga upesi mno. Nikamtumia herufi tatu, QRS, ambazo kwa wenyewe maana yake ni "punguza mwendo". Akapunguza, tena akapunguza zaidi ya nilivyohitaji. Hiyo ndiyo adabu yao: aliye hodari humfuata aliye dhaifu, si kinyume chake. Huitana "mzee" hata kama mwenzio ni kijana, na huagana kwa 73, yaani salamu njema. Na mmoja wao akifa, husema kibonyezo chake kimenyamaza.

Ukubwa ukaniingia. Usiku mmoja nilikamata kituo cha Ulaya, nikaandika mazungumzo ya watu wawili ukurasa mzima, herufi kwa herufi, bila kuacha pengo. Asubuhi nikampelekea ami karatasi kama mtoto apelekavyo ubao wake. Akavaa miwani, akatazama. "Ni Kijerumani," akasema. "Wanasema nini?" Nikamjibu sijui, Kijerumani sikijui. Akanirudishia karatasi. "Basi bado wewe ni waya, mwanangu. Salamu imepita ndani yako, haikukaa."

Nilirudi nyumbani na maneno hayo yakinichoma, maana hapo ndipo ilipokuwa nusu ya kweli iliyokuwamo katika makala yangu ya zamani. Kosa langu halikuwa kudai maana. Kudai maana ni haki. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba maana huja kwa kulidharau sikio, na kumtukana aliyenipa nusu ya kwanza kwa sababu sikuwa nimeitafuta nusu ya pili. Mwalimu alinifikisha mlangoni. Kuingia ndani kulikuwa juu yangu, na juu ya walionipokea baada yake.

Ndiyo sababu leo nina rai mbili, nazo nazitoa kwa unyenyekevu.

Ya kwanza ni kwa wazazi wenzangu. Nawaona wengi siku hizi wanamtoa mtoto chuoni mapema, au wanamtaka mwalimu ampe karatasi na picha za rangi, ati kukariri kunadumaza akili. Mwacheni mtoto ajengwe sikio. Umri wake huo ndio wa sikio, na atakachokikosa hapo atakuja kukitafuta kwa jasho akiwa na miaka hamsini, kama mimi. Na si Kurani peke yake. Watoto wetu hufundishwa ushairi kwa kuhesabu mizani kwa kalamu, nane na nane, wakapata alama zote katika mtihani, na hawajapata kusikia shairi likiimbwa hata mara moja. Hilo ni jedwali la ukutani. Siku ushairi utakapopita mbele yao kwa mwendo wake wa kweli, hawataambulia hata neno.

Ya pili ni kwa walimu wetu wa vyuo, ambao sina tena ulimi wa kuwakaripia. Mkisha kulijenga sikio, msilikomeshe hapo. Mtoto aliyehifadhi Juzuu Amma na aambiwe, hata kwa maneno machache ya Kiswahili, kile anachokisema mbele ya Mola wake. Tusiwe na nyaya nyingi katika nyumba zetu, salamu zikipita kila siku wala hazikai.

Na yule kijana wa jirani, ambaye kwa swali lake haya yote yametoka, simwambii aitupe simu yake. Simu ni neema. Namwambia tu kwamba mlango wangu uko wazi baada ya isha. Zimo herufi mbili za kuanzia, na mke wangu hana tatizo na mluzi. Ami amekwisha kuwa mzee, na ningependa aone kwamba kazi yake imepata sikio jingine zaidi ya hili langu lililochelewa.

Mwalimu wangu, Mola amrehemu, hakupata kusoma haya. Namwekea beti hii moja, kwa mizani alizonifundisha bila ya yeye kujua kwamba ananifundisha:

Jambo lililosikiwa, halifi halifutiki,
Na lililoangaliwa, kwa jicho, halishikiki,
Likisha kufahamiwa, moyoni halibanduki,
Sikio lisipojua, mkono hauandiki.